Katiba ya Bibi Zakiya

Columbus, Ohio, 9 Februari 2025

Bibi mpenzi,

Chei chei kutoka kwenye theluji. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila mtihani wa sheria ya katiba ni Aprili, na nikifeli tena narudi Maskati bila shahada. Profesa anasema nitaelewa siku nitakapoweza kumweleza mtu asiyejua chochote. Nimekuchagua wewe, usinune.

Wamarekani walichoka na mfalme, wakaapa kutompa mtu mmoja madaraka yote. Wakayagawa mafungu matatu. Bunge, yaani Kongresi, linatunga sheria. Rais anazitekeleza. Mahakama inaamua kama zinakwenda na katiba. Kila mmoja anamchunga mwenzake. Umefahamu?

Mjukuu wako, Rawya

Wadi Kabir, Maskati, 20 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba, Mungu akukuze. Goti linalalamika, mimi silalamiki. Shangazi yako Nadra ataipiga picha barua hii akutumie, usicheke mwandiko.

Nimefahamu kuliko unavyodhani. Tangu niteleze kwenye ngazi, baba yako amekata shauri peke yake: niiache nyumba hii niliyokaa miaka arubaini, nikakae kwake Mabela. Sheria katunga yeye, anaitekeleza yeye, na nikishtaki, kadhi ni yeye. Huyo si mfalme ni nani? Kesho wanangu wote watano wanakuja kula. Nnaitisha Kongresi. Samaki nimeshaagiza.

Bibi yako, Zakiya

Wadi Kabir, 23 Februari

Rawya,

Salaam, na hali usiniulize. Wamekula samaki wangu, wakanawa, wakapiga kura. Wanne wanasema nihame. Nadra peke yake kasema nibaki, nadhani kwa huruma tu. Humaid, kitinda mimba wangu, ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Sasa niambie, wengi wakimwelemea mtu mmoja, anakimbilia wapi?

Bibi yako

Columbus, 24 Februari

Bibi,

Shikamoo, na pole sana. Swali lako limeniweka maktaba siku nzima, maana na Wamarekani waliulizana hilohilo. Katiba ilipoandikwa, watu walinung'unika: haki za mtu mmoja ziko wapi? Wakaongeza vifungu kumi. Mtu aseme lake, aabudu atakavyo, serikali isimpekue nyumbani kwake bila sababu. Bunge haliwezi kuvifuta kwa kura zake za kila siku.

Nami niseme la moyoni. Ningekuwepo, mkono wangu ungenyooka pia. Ile ngazi nnaiogopa. Lakini kabla hujahama, andika vifungu vyako.

Mjukuu wako, Rawya

Mabela, 18 Aprili

Mjukuu wangu,

Hujambo? Barua yako ilininunisha siku mbili, halafu nikachukua kalamu. Vifungu ni vitatu. Kila Alkhamisi napelekwa Wadi Kabir kunywa kahawa na majirani zangu. Chakula changu hakipunguzwi chumvi. Na jikoni kwangu haingii mtu bila ruhusa, hata mwenye nyumba. Baba yako alisoma mara mbili, akauliza nani kanifundisha, akatia saini. Nimehama baada ya Idi.

Mtihani je? Kimya chako kinanitisha.

Bibi yako

Columbus, 30 Aprili

Bibi yangu,

Chei chei. Nilikuwa nangoja matokeo. Nimefaulu. Waliuliza vile vifungu kumi vina kazi gani, nikaandika habari ya bibi mmoja aliyeshindwa kura nne kwa moja. Profesa amecheka, lakini anasema haki iliyo kwenye karatasi tu haijawa haki. Anauliza kama kifungu chako cha tatu kimeshajaribiwa.

Mjukuu wako, Rawya

Mabela, 2 Mei

Rawya wangu,

Alhamdulillahi. Nimelia kidogo, kisha nikagawa halua mtaa mzima.

Mjibu profesa hivi. Jana baba yako alirudi kazini na njaa yake, akaja mpaka mlango wa jiko. Mlango huo kaununua yeye, na rangi kachagua yeye. Akasimama nje, akapiga hodi. Sahani yake nilikuwa nimeshaipakua. Nikakoroga mchuzi kwanza, taratibu, ndipo nikamwambia karibu.

Bibi yako, Zakiya