Hoteli Isiyo na Chapati

Kanamkemer, Lodwar
12 Januari 2025

Kwa Tantine Félicité,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Lile kosa la kwenye kibao cha Mama ni langu.

Lakini nikusalimie kwanza. Hujambo Tantine, mama yangu mdogo? Bibi yangu Koko anaendeleaje na magoti yake? Sisi tuko salama, joto tu ndilo linalotutafuna. Simu ni moja nayo ni ya Mama, ndiyo maana naandika karatasi na kumpa Makur wa pikapu akuletee Kakuma.

Unajua Mama amejenga vyumba vitatu kwenye kiwanja alichotuachia Baba, ili wageni wanaokwenda ziwani wapate pa kulala. Majirani wakaanza: mjane, vitanda, wanaume wasiojulikana, malizia mwenyewe. Kwenye ofisi ya vibali vya biashara wakamwuliza mzee wake yuko wapi aje atie saini. Akawajibu, "Mzee wangu amelala Lorugum. Mkiitaka saini yake, chukueni jembe." Kibali hakikutoka.

Kwa vile yeye hakusoma, akaniambia nimwandikie fundi Abei maneno ya kibao: NYUMBA YA WAGENI. Mimi nikaona ni maneno ya kizamani. Nikaandika HOTELI. Nilikuwa na ile ya Kifaransa kichwani, ya kwenye kitabu cha masista, yenye vitanda vyeupe na ua mezani. Fundi akaipaka vilevile, herufi nyekundu.

Tantine, hapa hoteli ni mahali pa kula. Kila asubuhi watu wa boda wanaingia: "Mama, chai na chapati mbili." Wanakuta shuka. Jana mmoja akasimama njiani akauliza kwa sauti, "Hoteli gani hii, tutafune godoro?" Mtaa mzima ukacheka. Mama akamfuata fundi Abei sokoni, akamwambia mbele ya watu kwamba yeye fundi hajui kusoma. Mzee wa watu akanyamaza. Mimi nilikuwa hapo nimeshika kikapu, nikanyamaza kumzidi. Sasa wamenuniana, na kibao hakuna wa kukifuta.

Mwezi ujao wakala wa safari anakuja kukagua kama anaweza kutuletea wageni. Akikataa, Mama atampa mwenye duka la simenti vyumba vyote viwe stoo yake, naye Mama arudi kuuza mitumba. Ameshasema.

Ndala za Mama hizo, zinakuja. Naficha barua.

Mtoto wako,
Christelle

Kakuma
21 Januari 2025

Mtoto wangu Christelle,

Jambo sana. Koko anakusalimia, magoti yanasumbua lakini mdomo ni mzima. Nilimsomea barua yako akacheka mpaka machozi. Usikasirike, siri ikifika kwa Koko imefika kwa ukuta, haitoki.

Sikiliza. Kwetu hoteli ni kitanda, kwao ni sahani. Watu wanaleta njaa mlangoni kila asubuhi, ninyi mnawaonyesha shuka? Pikeni. Mwambie mama yako, yaya yangu, akumbuke sombe, yale majani ya muhogo aliyokuwa anapika hapa, Wakongo na Warundi wakipanga foleni. Nimempa Makur pilipili na mawese.

La pili ni zito. Fundi Abei anabeba mzigo wako kichwani. Utue.

Tantine wako,
Félicité

Kanamkemer, Lodwar
27 Februari 2025

Kwa Tantine,

Shikamoo. Pilipili ilifika, mawese yalifika nusu, muulize Makur.

Tulipika. Siku ya kwanza walikuja wanne. Yule wa godoro alikula chapati tatu na samaki wa ziwa kwa sombe, akafuta mdomo akasema, "Ejok, tamu sana. Lakini godoro lilikuwa laini zaidi." Mama alimrushia kitambaa. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeleta wenzake.

Wakala alikuja Alhamisi iliyopita bila kutuarifu, saa sita, mabenchi yamejaa. Akasimama mlangoni na faili lake.

"Mwenye hoteli yuko wapi?"

"Ni mimi," Mama akasema. Alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Namaanisha mzee."

Boda wote wakaacha kula. Yule wetu wa godoro akasema, "Bosi, mzee ni huyo. Kaa ule, ukibisha kwanza chapati zitaisha."

Akakaa. Akala. Akakagua vyumba vyote vitatu, akainua hata magodoro. Mwishoni akasema wageni wake hulalamika kila safari: huku wanalala, kule wanatafuta chakula juani. Mwezi wa Machi analeta walimu wanane, wanawake watupu, nao wameomba mahali panaposimamiwa na mwanamke.

Mama akarudi ofisini na barua ya wakala. Safari hii hawakumwuliza habari za mzee. Kwenye kibali, penye jina la mwenye biashara, akabonyeza dole gumba lake, moja, peke yake. Wino haujatoka na hataki kuuosha.

La fundi Abei bado. Mdomo unakataa.

Mtoto wako,
Christelle

Kakuma
9 Machi 2025

Christelle,

Tumeimba hapa mpaka majirani wakauliza kuna harusi ya nani. Mpe yaya pongezi. Wewe sikupi bado. Sitaandika tena mpaka utue ule mzigo.

Tantine wako

Kanamkemer, Lodwar
22 Aprili 2025

Kwa Tantine,

Hujambo? Umenyamaza kweli. Makur anapita mikono mitupu, ananiambia, "Mama yako mdogo ana kichwa kigumu."

Walimu walikuja na kuondoka, kundi la tatu liko ziwani na linarudi jioni. Mama anajenga chumba cha nne. Mwenye simenti alikuja, safari hii kutuuzia.

Leo asubuhi Mama amemwita fundi Abei apake kibao kikubwa: HOTELI NA NYUMBA YA WAGENI. Akaniambia niandike karatasi, "na uandike vizuri, huyu mzee husoma anavyotaka." Fundi aliipokea karatasi, akaitazama sana, kisha akatoa nyingine mfukoni, imekunjwa mpaka inataka kukatika. Ilikuwa ile yangu ya kwanza, yenye neno HOTELI. Akaniambia polepole, "Mwandiko wako ni mzuri, binti. Sikutaka mama yako akuchape." Akaenda kuchanganya rangi.

Miezi mitatu ametembea nayo mfukoni, Tantine. Angeweza kuitoa siku ileile sokoni.

Sasa yuko nje juu ya ngazi. Mimi niko chumba namba mbili, natandika na kuandika. Nimegundua kitu nikacheka peke yangu: barua zote hizi nimekuwa nikimficha mtu asiyejua kusoma. Hata nikiiacha hii mezani hapati neno.

Kwa hiyo lazima nimsomee. Nitaanza na yale niliyokuandikia Januari, na fundi akisikia.

Ndala zinakuja. Siifichi.