Sahani Niliyokutengea

Mama, mzaa mume wangu, shikamoo huko uliko.

Leo nimepika chakula cha jioni bila ugali, bila wali, bila chapati, na nyumba haijaanguka. Nakuandikia kabla sijaosha sufuria, maana nikianza kuosha nitalia, na mimi sikuamka leo ili nilie.

Unakumbuka nilivyokuja hapa Kamuli kutoka Geita, mwali wa ugali asiyejua mgomba huu na ule? Wiki ya kwanza tu nikaingia shambani, nikakata mkungu mnono, nikamenya, nikapika na maharage. Kumbe ndizi za pombe! Watu wakatafuna wamekunja uso, chungu kama kwinini. Wewe ukacheka mpaka kitambaa kikakudondoka kichwani, halafu ukamega tena. "Kuleni, waitu, watu wangu," ukawaambia. "Kwenye nyumba hii hakuna anayekula peke yake, wala anayekosea peke yake." Tukamaliza chote kilichokuwa kwenye jani la mgomba. Siku hiyo ndiyo niliyoolewa, Mama. Ile ya kanisani ilikuwa sherehe tu.

Halafu ukaugua sukari. Wakati huo ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umetumalizia migomba na sembe ilikuwa imehamia jikoni moja kwa moja. Nami, mkamwana wako mjuaji, nikakununulia sahani ya bati yenye maua mekundu. Nikawa nakupikia mboga zako, nakuwekea kwenye kigoda karibu na dirisha, sisi tumekaa mkekani na ugali wetu wa moto. Nilidhani nakutunza. Lakini sahani ilirudi imejaa vilevile, na siku moja nikakukuta jikoni unakwangua ukoko wa watoto. Nikakufokea. Mimi! Nikakuambia sikio la kufa halisikii dawa.

Ukaniuliza, "Mwanangu, nimekosa nini hata nile peke yangu?" Nikakujibu habari za sukari, na sahani ikaendelea kurudi imejaa mpaka tukakuzika.

Mwezi uliopita mwanao, mume wangu Deo, alipimwa hospitalini Rubwera, naye wakamkuta na sukari. Muuguzi alituambia vizuri: dawa kila siku, mboga tele, ugali na wali na chapati kando, ndizi vipande viwili vitatu basi. Nikarudi nyumbani nikafanya nini? Nikachomoa ile ile sahani ya maua mekundu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, Mama. Deo akaitazama, akaisukuma pembeni, akavuta ugali wa watoto.

"Hii sahani ya mama," akasema. "Unanizika lini?"

Wiki zikapita namtengea, naye anaisukuma. Jana usiku hasira zikanipanda, hasira za kujikasirikia mwenyewe. Nikasema simziki mtu mwingine kwa njaa ndani ya nyumba yenye chakula. Leo asubuhi nikaenda buchani, nikataka kilo moja na nusu ya nyama isiyo na mafuta, isagwe. Mwenye bucha akacheka, mashine ya kusagia ataitoa wapi?

"Basi nipe hivyo hivyo, nitaitwanga."

"Mama Anitha, utwange nyama kama karanga?"

"Wewe pima."

Nikaikatakata, nikaitwanga kwenye kinu chako mpaka mabega yakawaka. Nikatia vitunguu, swaumu, hoho, karoti ya kukwaruza na nyanya. Nikalainisha majani ya kabichi kwa maji ya moto, nikafunga nyama humo vifurushi vifurushi. Sufuria nikaitandika majani ya mgomba, nikapanga, nikafunika kwa majani mengine na kubana pembeni, vile ulivyonifundisha kupika ndizi. Moto mdogo, mkono usifunue funue. Pembeni nikapika mchicha na nyanya chungu, na vipande vichache vya ndizi kutoka kwenye migomba mipya, maana imeanza kuzaa.

Jua likizama nikatandaza jani moja mkekani. Moja tu.

"Mama, ugali uko wapi?" Anitha wetu akauliza.

"Umesafiri."

"Unarudi lini?"

"Ukimaliza hicho kilicho mbele yako nitakuambia."

Deo alikuwa amesimama mlangoni anasubiri kutengewa. Nikamwambia sahani hakuna, akae. Akakaa. Kifurushi cha kwanza alikila kwa mashaka, cha pili kwa haraka, cha tatu akagombania na mwanawe mpaka nikawaamua. Sijamwona akila hivyo tangu tutoke Rubwera.

Kisha akasema taratibu, "Mama angekula hiki."

Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza miaka. Nikasema, "Mama hakukataa mboga, Baba Anitha. Alikataa kutengwa. Na mimi ndiye niliyemtenga, kisha nikamtukana."

Nilitazama mikono yangu, inanuka swaumu, nikasubiri anyanyuke aondoke. Akachukua kifurushi cha mwisho, akakikata katikati, nusu akaisogeza upande wangu wa jani.

"Kula," akasema. "Kwenye nyumba hii hakuna anayekosea peke yake."

Nimekula, Mama. Kesho natwanga tena, na kesho kutwa, mpaka mwanao azeeke. Ile sahani nimewapa kuku wanywee maji. Nisamehe.

Ni mimi mkamwana wako, yule wa ndizi za pombe.