Kilio Nilichokiangua Bila Msiba

Nunu, nakutangazia kwa heshima zote kwamba leo nimetoa somo la lugha mtaani, na wanafunzi wangu wamekuja na mikeka ya matanga.

Mikeka, Nunu!

Ilianza kwa mdogo wangu Kulthum. Eti, "Kuangua kilio ndiyo kulia?" Nikamwambia kulia ni machozi, kuangua kilio ni sauti inayowatoa majirani ndani. "Hebu!" akasema. Nikashika kichwa, nikaachia sauti.

Wakatoka kweli! Bi Duni wa nyumba ya pili kaingia na kiatu kimoja. "Nani katutoka?" Mimi nimejifunika kanga, nacheka mpaka mabega yanatikisika. Akanikumbatia. "Lia, mwanangu, lakini usikufuru."

Hapo ningesema. Sikusema!

Bibi yangu hayupo, kenda Chukwani kumtazama mgonjwa. Basi wakaamua aliyekufa ni yeye. Mtu katumwa msikitini kufuata jeneza.

Ndipo bibi akarudi. Kakuta viatu vimejaa mlangoni. Hakuuliza nani kafa. Aliuliza, "Mwanakheir wangu yuko wapi?" Na kabla hajajibiwa akaangua kilio. Nunu, changu kilikuwa mchezo wa watoto.

Nikaitupa kanga. "Bibi, niko hapa! Hakuna aliyekufa!"

Bi Duni kanikazia macho. "Macho makavu! Hata chozi moja hamna!"

Nikakiri yote mbele ya ukumbi mzima: nililia mimi, na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nafurahi.

Bibi hakunipiga. Tangu saa ile kanishika mkono wa kushoto na hauachii, ndiyo maana karatasi inateleza na maandishi yanakwenda upande.