Panya Amepima Mahindi Yangu

Okwara, wacha kazi usome hii. Nimetoka stoo ya mahindi hapa Malaba sasa hivi na mate ya kichefuchefu yananijaa mdomoni.

Wale watu wa utafiti wameleta kidude cha kupima sumu ya kuvu. Kasahani kadogo kenye nyaya, na maji ya pinki ndani. Nikamuuliza msichana wao mmoja, "Dada, hiyo ni nini?" Akajibu bila aibu, "Mzee, ni seli za neva za panya. Ziko hai. Tumeziunganisha na kompyuta."

Panya, Okwara! Ziko hai! Hazina kichwa, hazina mkia, lakini zinaonja mahindi yangu!

Emojong, kijana wangu wa kupakia magunia, akacheka: "Boss, miaka yote unawategea sumu, leo wao ndio wanakupa cheti."

Sasa unatujua sisi wafanyabiashara. Sampuli sikuitoa kwenye magunia ya kuuza. Nilichota kwenye gunia safi nililotenga la nyumbani, ili nipite.

Wakasaga, wakaloweka, wakadondosha tone moja. Mistari iliyokuwa ikirukaruka kwenye skrini ikalala. Yule dada akasema, "Mzee, haya usiuze. Hata kuku usiwape."

Hata kuku!

Nimempigia mke wangu, nikamwambia asipike unga wa gunia lile. Petronilla akaniuliza, "Upi? Si tunaula tangu Jumapili? Na wewe ndiye uliyeongeza ugali jana."

Niko nyuma ya lori, vidole kooni. Hakuna kinachotoka.