Ajenda ya Saba

Jumatatu, 4 Agosti 2025 – Nachingwea

Mkuu wa shule ninapofundisha kaniruhusu wiki nzima. Nakwenda kutafsiri – Kiingereza na Kimakua. Mazungumzo ya amani ya wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma yamehamia hapa, hosteli ya mjini. Duru ya tisa! Wasuluhishi wametoka Ulaya. Mkubwa wao tunamwita Balozi. Mpole, jasho linamtiririka, kila sentensi asante.

Ajenda ziko saba. Ya saba ndiyo yangu: kufungua barabara raia watoke vijijini. Dada yangu Mwanaima aliolewa huko, yuko ndani na watoto watatu. Kizuizi cha serikali yao upande huu, cha waasi, watu wa msituni, upande ule. Tangu mwezi wa tano hatujasikia sauti yake. Hapa sijamwambia mtu, wangenitoa.

Jumanne, 5 Agosti

Watu wa serikali Chumba A. Wa msituni Chumba B. Balozi anakwenda na karatasi, mimi nyuma yake. Chumba A wanasema Kimakua, nageuza Kiingereza, tunatembea hatua ishirini, nageuza tena Kimakua. Kilekile! Kutwa nzima. Na kilichojadiliwa leo ni nani aitwe mwenyekiti mwenza.

Saa ya chai nikawakuta wote kwenye bomba la kunawia. Rashidy wa serikali akamwuliza Nurdini wa msituni kama mama yake bado mzima. Nurdini akasema mzima, ila miguu tu. Wakapeana sabuni. Kengele ikalia, kila mtu chumbani kwake.

Alhamisi, 7 Agosti

Bado ajenda ya tatu. Nimemwomba Balozi, kwa adabu zote, aisogeze ya saba mbele. Akasema mchakato una hatua zake, na mkalimani hana ajenda. Akanipa biskuti. Nimeila kwa hasira.

Mama kapiga simu kutoka Likunja.
"Barabara je, mwanangu?"
"Bado, mama."
"Sasa hao wageni wanangoja nini?"
Nimechoka kumwambia bado.

Ijumaa, 8 Agosti – Likunja

Nane Nane, mapumziko. Nimepanda basi la asubuhi kwenda Ruangwa, nikafika kwa mama. Yuko kwenye mikorosho anapuliza dawa, salfa mpaka kwenye kope.

Tukakumbushana msiba wa Baba Mdogo Saburi. Wanawe wawili walikuwa hawasalimiani miaka sita. Shaibu, mtani wetu, na mtani msibani hakatazwi, akaingia kaburini, akakaa. Akasema hatoki mpaka hao wawili washikane mikono. Jua kali, maiti iko juu inasubiri, masheikh wanamsihi. Akawa anaomba aletewe mto. Haikufika nusu saa wakashikana mikono, tukazika.

Shaibu hakuwa na duru ya tisa. Nimerudi Nachingwea na hilo kichwani.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nyuma ya ratiba yao.

Leo wamewaweka wote ukumbi mmoja – kwa ajili ya picha tu na hotuba ya kufunga. Balozi kasema mazungumzo yamekuwa na manufaa. Ajenda zilizobaki ni duru ya kumi, Novemba. Novemba! Mwanaima atawalisha nini watoto mpaka Novemba?

Akanyamaza, ananisubiri. Sikutafsiri.

Nikamwambia kwa Kiingereza: sitoi neno mpaka ajenda ya saba. Kisha nikawaambia wote kwa Kimakua kwa nini. Nikataja jina la dada yangu, kijiji chake, watoto mmoja mmoja. Msaidizi wa Balozi kasema nimefukuzwa kazi. Sawa, nimefukuzwa. Lakini kitini sitoki. Mkalimani mwingine yuko Mtwara, na Mtwara si hapo jirani. Hapa ndipo kaburini kwangu, na wakitaka waniletee mto.

Watu wanatazama chupa za maji.

Halafu Nurdini kamwambia Rashidy, meza kwa meza, bila karatasi: mkiondoa kizuizi chenu cha darajani, chetu tunakiondoa siku hiyohiyo.

Rashidy kauliza siku gani.

Balozi kanigusa bega. Anataka kujua wanasema nini. Kauliza tena, safari hii bila asante.

Simjibu. Rashidy kainuka, anavuta kiti chake kuelekea kwa Nurdini –