Nyumba Niliyoikana

Mama, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, ndani ya nyumba ya matofali ya kuchoma na bati. Ni yangu. Nimejengewa na jumuiya yetu ya kanisani, ile ile uliyokuwa ukiondoka nayo asubuhi na mapema kwenda kuwajengea wajane na wazee hapa Ukata, kanga kiunoni, mimi nikibaki nanung'unika kwamba maharage yetu nani atayapalilia.

Tangu ututoke, nyumba yako ya udongo haikustahimili mvua. Ukuta wa nyuma ulianguka, nikahamia na watoto kwenye banda la jiko. Wanajumuiya wakaja. Nilikataa. Wakasema, "Mama Imelda katujengea wote, mwanaye atalalaje jikoni?" Mama, heri wangenitukana. Nikakubali shingo upande.

Siku ya mwisho ya ujenzi nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikajichanganya na akina mama waliotoka Kitai kusaidia. Nikabeba matofali, nikachekesha watu. Mmoja wao, asiyenijua kabisa, akaniuliza nyumba ni ya nani. Nikamjibu, "Ya mama mmoja tu wa hapa, hali yake duni." Akasikitika. "Maskini! Mbona hata haonekani?" Nikasema labda anaona aibu. Hilo angalau halikuwa uongo.

Jioni katekista alipomaliza sala, akamwita mwenye nyumba aje afungue mlango. Nikasimama kama gogo. Yule mama wa Kitai akawa anageuka huku na huku, anamtafuta huyo maskini. Ndipo mjukuu wako akanivuta kitenge: "Mama, si unaitwa wewe?"

Nilikwenda, Mama. Sijui nilifikaje mlangoni. Sikumshukuru hata mtu mmoja. Niliingia, nikaegemea ukuta, nikalia. Yule mama akanifuata. Alikaa chini karibu yangu, akanifuta udongo miguuni kwa kanga yake, na mimi nikashindwa kumtazama usoni. Mpaka leo nikikumbuka nafunika uso, hata nikiwa peke yangu.

Basi pumzika, Mama yangu. Jumamosi tunakwenda kumjengea mzee mmoja kule bondeni. Wanasema amekuwa mkali, anafukuza watu, hataki kusaidiwa. Nitakwenda. Lakini sitaanza na matofali. Nitakaa naye kwanza, nimweleze nyumba ninayolala nilijengewa na nani.

Mwanao,
Imelda