Ufunguo wa Tangi

Jumanne, 3 Septemba

Sijawahi kumwambia mtu. Kila jioni, ndoo ya mwisho ikishaondoka, nalegeza bomba la tangi la shule — matone tu — ili nyani wanywe. Bwawa limepasukapasuka. Mahindi ya baba yamekauka kabla hayajafika magotini. Mwezi uliopita nilimwona nyani jike, mtoto kamng'ang'ania tumboni, akilamba saruji mahali maji yalipomwagika. Kitabu cha maktaba kinasema nyani hunywa karibu kila siku. Nilikifunga.

Wenye ufunguo wa bomba ni wawili: mimi, kiranja wa maji, na mlinzi, tunayemwita Koplo. Leo kanitania: "Profesa, hilo tangi nalo lina mtihani? Nenda nyumbani ukale." Nikacheka tu.

Alhamisi, 5 Septemba

Alianza nyani mmoja. Leo wamekuja zaidi ya thelathini, mchana kweupe. Dume moja limekaa juu ya tangi kama mwenye nyumba.

Ijumaa, 6 Septemba

Mdogo wangu alikwenda kuteka na kidumu chake. Dume likamrukia, likamchana shavu mpaka meno yakaonekana. Nyuzi kumi na nne. Ana miaka sita. Kidumu hakukiachia.

Wanaume wakatoka na mapanga na mbwa. Nyani saba wamekufa. Yule jike walimbana nyuma ya choo cha shule wakampiga mawe. Mtoto hakutaka kumwachia, basi wakawapiga wote wawili. Nilikuwa dirishani darasani. Baba alirudi na damu mpaka kwenye viwiko, na nyumbani hapakuwa na maji ya kunawa.

Anasema bomba liliachwa wazi makusudi. Ufunguo anao nani? Koplo, wakajibu wote. Mimi hakuna hata aliyenitazama. Navaa miwani, nasoma vitabu.

Jumamosi, 7 Septemba

Asubuhi walimtoa Koplo kwenye kibanda chake. "Jamani, mimi nafunga mpaka kiganja kinauma." Baba ndiye aliyeanza, kwa mpini wa jembe. Mkono ulivunjika, nikausikia. Nilikuwa hatua kumi, ufunguo mfukoni.

Saa kumi jioni. Niko kwenye benchi la zahanati. Koplo amelala ndani, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Mkewe kaniuliza, wewe mtoto wa nani? Nikamtajia baba. Akasogea mpaka mwisho wa benchi.

Baba na wenzake wako getini. Wanapiga kelele atolewe, hawajamaliza naye. Nesi ameegemeza meza mlangoni.

Nikamwambia mke wa Koplo: bomba nililegeza mimi. Kila jioni. Mwezi mzima.

Hakupiga kelele. "Mimi unaniambia ili nifanye nini?" akasema. "Kawaambie wao."

Nimetoa ufunguo mfukoni. Nimevua miwani; nitampa mke wa Koplo aishike pamoja na daftari hili nikishamaliza mstari huu. Nimemwomba nesi asogeze meza. Anaisogeza.